Mlango wa Baba

Kila baada ya miaka michache, mwandishi fulani wa kigeni hushuka Lamu kumtafuta Mchina. Habari yenyewe mnaijua. Merikebu za Zheng He zilifika pwani hii karne ya 15, twiga wa Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na inasemekana chombo kimoja kilizama karibu na Pate, mabaharia walionusurika wakaoa huko huko. Mwaka 2005, China ilipokuwa ikiadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana mmoja wa visiwa vya Lamu alipewa ufadhili wa kwenda kusoma China, kwa sababu ukoo wake husema una damu ya mabaharia wale.

Hadithi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila huwa nashangaa. Babu wa miaka 600 iliyopita ana makala, ana filamu, ana ufadhili. Mwanamume aliyeshuka Bandari ya Kale juzijuzi, akawalisha watu wa Mombasa miaka arobaini, hana hata aya moja. Nawazungumzia Washihiri wenye mahoteli, na hoteli hapa ni ya kula, si ya kulala. Babangu alikuwa mmoja wao. Hoteli yake ilikuwa Kuze, ndani ya Mji wa Kale.

Kabla sijaacha chuo nilisoma nusu ya somo la historia ya Bahari ya Hindi. Mlikuwa na masultani mle, Wareno, pembe za ndovu, karafuu, watumwa, boriti za Lamu zikienda Ghuba. Hamkuwa na mtu hata mmoja wa kuchemsha chai. Sasa mabaharia wote hao, na makuli wote hao, walikuwa wakila wapi?

Tuanze na jina. Mshihiri ni mtu wa Shihiri, bandari ya Hadhramaut, upande wa kusini wa Yemen ya leo. Ukweli ni kwamba wengi wao hawakuwa watu wa Shihiri kabisa. Walitoka mabondeni huko ndani, Tarim, Seiyun, Shibam, Wadi Doan, wakateremka pwani kupanda chombo Shihiri au Mukalla, na jina la bandari likawaganda. Mombasa jina hilo halikuwa la sifa. Mwarabu wa Oman alikuwa na shamba na cheo, Mshihiri alibeba maji. Kabla maji ya mfereji hayajafika majumbani, walikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiteka visimani na kuuza mlango kwa mlango. Walifanya uhamali bandarini. Walizunguka na buli la kahawa tungu, vikombe vikigonganishwa mkononi kwa mlio ambao wazee wa Mji wa Kale bado wanaweza kuuiga kwa ulimi.

Na bonde lile lile ndilo lililotoa Masharifu. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu, asili ya ukoo wake ni Hadhramaut. Masharifu wameandikiwa vitabu, na wanastahili. Aliyekuja na kitabu mkononi ameandikwa. Aliyekuja kuosha vikombe hakuandikwa, na pengine yeye mwenyewe hakuona kama kuna cha kuandika. Baba ukimuuliza habari za kwao alikuwa akijibu, "Kwetu? Mawe." Basi, mazungumzo yameisha, nenda kalete ndimu.

Mawe kweli. Hadhramaut ni nchi kame, na kwa muda mrefu iliishi kwa pesa za walio safarini. Utajiri mkubwa ulitoka Java na Singapore. Mwaka 1942 Wajapani walipoziteka nchi hizo, pesa zikakatika ghafla, mvua nayo ikakosekana, na njaa ya 1943 na 1944 ikaua watu wengi sana. Baba alizaliwa baada ya njaa hiyo, mwaka 1946. Alikuwa na kaka wawili ambao hakuwahi kuwaona. Mamake hakuwataja kwa majina, alisema tu "wale wa mwaka ule".

Njia ya Java ilipozibika, ilibaki ya kuja huku. Na njia hii haikuwa ngeni. Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hadi Machi, vyombo viliteremka kutoka Arabuni, vikasubiri kusi ya kuvirudisha. Baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alisafiri na bumu moja la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, akaandika jinsi abiria wa Hadhramaut walivyosongamana juu ya sitaha kuja Afrika Mashariki. Naye Mwingereza Harold Ingrams, aliyekuwa mtumishi wa serikali Zanzibar kabla ya kupelekwa Hadhramaut miaka ya 1930, alikuta huko watu wa kuzungumza naye Kiswahili. Yaani watu walikuwa wakienda na kurudi muda mrefu, wakiacha mke huku na mke kule. Watoto waliozaliwa ugenini huko kwao waliitwa muwalladi, na neno hilo si tusi, lakini si sifa vilevile.

Baba alifika na kaskazi ya 1959, ana miaka 13. Nauli alilipiwa na ami yake, ambaye tayari alikuwa na hoteli ndogo mjini. Alishuka na fuko la tende na mzigo wa papa mkavu wa kuuza, ile bidhaa ambayo vyombo vya Arabuni vimeileta Mombasa tangu zamani na ambayo harufu yake haijapata kutoka kwenye baadhi ya nyumba za Kuze mpaka leo. Sasa Kiarabu hakina sauti ya "p". Papa ikawa baba. Pilau ikawa bilau. Mtaa wa jirani unaitwa Mlango wa Papa, na kwa miaka yake yote hapa babangu aliuita Mlango wa Baba, kwa uso mkavu kabisa, watu wakidhani anafanya mzaha.

Utaratibu wa mahoteli yale ulikuwa hivi. Aliyetangulia anamlipia nauli kijana wa kwao. Kijana anafanya kazi bila mshahara, anakula hapo, anaosha vyombo hapo, usiku anaunganisha meza mbili na kulala juu yake. Baada ya miaka kadhaa hesabu inapigwa. Ama anapewa fungu katika biashara, ama anasaidiwa kufungua yake. Mwenye hoteli akitaka kwenda kwao kumwona mkewe, anamwachia ndugu funguo kwa mwaka mmoja au miwili. Hakuna benki, hakuna wakili, hakuna karatasi. Watu husifu mtindo huu siku hizi, wanauita mshikamano. Mimi nauona pia kwa jicho la mtoto wa miaka 13 aliyeosha masufuria miaka minane kabla ya kushika shilingi yake mwenyewe. Ami yake hakuwa mtu mbaya. Naye alioshwa hivyo hivyo na mwingine.

Kwa nini hoteli na si duka la vitambaa? Mtaji. Duka lataka bidhaa rafuni, hoteli yataka jiko, birika, benchi mbili na nyama ya kukopa asubuhi kulipa jioni. Na wateja walikuwapo. Magati ya kina kirefu ya Kilindini yalianza kazi miaka ya 1920, na Mombasa ikajaa wanaume waliotoka bara na vijiji vya Pwani, wakilipwa kwa siku, wakilala wengi chumba kimoja, bila jiko. Unapoisoma habari ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, ule wa Chege Kibachia na wenzake, uliosimamisha mji karibu wiki mbili, wanahistoria wanakwambia zaidi ya wafanyakazi 10,000 waligoma, na wanakueleza mishahara na bei ya nyumba. Mimi najiuliza habari ya chai. Mji wa watu elfu kadhaa wanaokula nje ni mji unaoendeshwa na mahoteli.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tunapenda kusema kwamba mhamiaji huja na mapishi yake. Mkahawa wa Kichina mjini hujitambulisha kwa taa nyekundu na maandishi ya Kichina mlangoni: mimi nimetoka mbali, hiki ni chakula cha huko. Watu wanadhani hoteli ya Mshihiri ni hivyo hivyo, ni Arabuni kidogo iliyohamia Kuze. Si kweli. Baba hakuja na mapishi. Mvulana wa miaka 13 wa Hadhramaut hajui kupika, kwao jikoni ni kwa mamake. Alichokijua ni kuchemsha kahawa na kula tende.

Alipofungua hoteli yake mwaka 1974, mlango mmoja, meza sita, alikuwa na leseni na hana mpishi. Nyuma ya hoteli, ukipita kichochoro ambacho watu wawili hawapishani, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, Mswahili wa Kuze, aliyejulikana kwa mbaazi zake. Wakaafikiana. Baba analeta mchele, nyama na nazi alfajiri. Mama yule anapika kwake, chakula kinapitishwa kichochoroni kwa masufuria yaliyofunikwa. Jioni anapewa chake. Miaka sita baadaye baba alimuoa binti wa mama yule. Mtaani walicheka sana, maana kwa Kiswahili mtu akioa husemwa amepata jiko, na huyu alikuwa amelipata jiko kwanza, mke ndiye akafuata.

Kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa hoteli. Pilau iliyopendwa na Waarabu wa Makadara, ati pilau ya Kishihiri, ilikuwa yake. Maharagwe ya nazi, yake. Mahamri, yaliyoumuliwa usiku yakakaangwa kabla ya adhana ya alfajiri, yake na ya mamangu. Mimi hoteli naijua kutoka nyuma. Mtoto wa kike hakai mbele kwenye meza za wanaume, kwa hiyo mbele nilikuwa naiona kwa mbali, mwisho wa kichochoro, kama picha ndogo yenye mwanga: kikoi cha baba, kofia yake, mkono wake ukihesabu sarafu. Nyuma kulikuwa na moshi, mbuzi ya kukunia nazi, na bibi akitukana mchele.

Si kwamba Hadhramaut haikuwepo kabisa. Kulikuwa na mkate wa mofa, uliobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Kulikuwa na asali kutoka Wadi Doan, haikuuzwa, ilifungwa kabatini na kutolewa mtu akiugua. Kulikuwa na mkate mayai, ambao Yemen wanauita mutabbaq: unga unavutwa mpaka unapitisha mwanga, unajazwa nyama na mayai, unakunjwa. Indonesia, kule walikohamia binamu zao, nako upo, wanauita martabak. Nikila wetu huwa nafikiria kuwa mtu wa Surabaya anakunja huo huo. Hapo Kuze aliyekuwa fundi wa kuukunja hakuwa Mwarabu wala Mswahili wa mjini. Alikuwa Mgiriama, alifundishwa na ami wa baba, na baba mwenyewe hakuwahi kumfikia kwa mkono.

Na kulikuwa na kahawa. Lugha yenyewe inatoa ushahidi hapa: mahali pa kula tunapaita mkahawa, Tanzania wanasema mgahawa, na ndani ya neno hilo imo kahawa, kinywaji kilichopita Yemen kabla ya kuenea duniani. Mtu anaweza kukaa kwenye mkahawa wa baga kule Nyali asijue kwamba neno lenyewe lina harufu ya buli la Mshihiri.

Baba alipokuwa bado anaosha vyombo kwa ami yake, nchi zote mbili zilibadilika. Maili kumi za Pwani zilikuwa kwa jina za Sultani wa Zanzibar, Oktoba 1963 zikakubaliwa kuwa sehemu ya Kenya, Desemba 12 uhuru. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi ya Zanzibar. Waarabu waliookoka walifika Mombasa kwa vyombo, baadhi yao ni watu wa kwao kabisa, na walisimulia hotelini usiku, milango imefungwa. Kenya ilitoa miaka miwili, mpaka Desemba 1965, kwa wasio raia moja kwa moja kujiandikisha. Halafu Novemba 30, 1967 Waingereza wakaondoka Aden, masultani wa Hadhramaut wakawa wameshaangushwa, serikali mpya ikashika. Wale waliokuwa wakisema "mwakani nitarudi" wakaacha kusema. Baba alijiandikisha Kenya. Hakuwahi kueleza uamuzi huo, na nadhani kwake haukuwa uamuzi mkubwa: alikuwa na miaka 19, na kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Uraia huo ulikuja kuulizwa tena mwaka 2016, kwangu. Nilikuwa na miaka 18, nimekwenda kuomba kitambulisho. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Wakati ule mwenye jina kama langu hakuomba kitambulisho kama wengine, alihojiwa kwanza. Babako alikuja lini? Na chombo gani? Kiko wapi cheti chake? Cheti kilikuwa kimeliwa na mchwa zamani. Mtu aliyekuja na jahazi hana muhuri wa uwanja wa ndege. Niliulizwa nina uhakika gani kwamba mimi si wa Yemen, nchi ambayo sijawahi kuiona hata kwa ndoto, na wakati ule ilikuwa vitani.

Ndipo tukaenda hotelini, mama, kaka na mimi, tukaanza kuteremsha ukuta. Maana baba alikuwa ametundika leseni zake zote, mwaka baada ya mwaka, kwenye fremu, tangu 1974. Zilikuwa nyeusi kwa moshi. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu, moja hata ukoo umeachwa. Chini ya meza ya pesa kulikuwa na madaftari ya madeni, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho mama aliweza kusoma na mimi siwezi. Akatusomea. Makuli waliokopa chai na mkate, wengine kwa jina, wengine kwa sifa: yule mrefu, yule wa Taita, mwenye baiskeli. Kila jioni, mstari wa mwisho, kiasi fulani kimetoka, na mbele yake neno moja: nyumbani.

Nikamuuliza mama, nyumbani ni nini, ni matumizi yetu? Akanitazama. "Ni bibi yako huyo. Ni malipo ya bibi yako." Daftari baada ya daftari, mpishi wa hoteli ile ameandikwa "nyumbani". Kuli aliyekunywa chai moja asilipe ana jina. Bibi hana. Na kwenye leseni zile zilizoning'inia ukutani, zilizokuja kuniokoa, hayumo pia.

Sisemi baba alimdhulumu. Alimlipa kila siku, hata siku ambazo hoteli haikupata kitu, na alipokufa bibi, baba alilia mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Lakini nimeandika hapo juu kwamba historia imemsahau mwosha vikombe, na sina budi kuongeza kwamba mwosha vikombe naye aliandika historia yake, kwa mkono wake, kila jioni, na alijua nani wa kumtaja.

Leseni tulizipeleka kwenye mfuko wa unga. Hazikutosha peke yake. Kilichotosha ni mzee mmoja wa mtaa aliyeitwa kutoa ushahidi, akaketi, akaulizwa kama anamjua babangu. Akasema, "Namjua? Mimi bado namdai chenji." Watu wakacheka, na kitambulisho kikatoka baada ya miezi minane, jina la baba likiwa limekosewa kwa namna ya nne.

Kaka aliiendesha hoteli mpaka 2020. Makuli walikuwa wamekwisha siku nyingi, kazi ya bandari imekuwa ya mashine, Bandari ya Kale inapokea majahazi machache, na vijana wa Kishihiri waliokuwa wa kurithi meza walikwenda Jeddah na Dubai zamani. Waliobaki ni wazee wa asubuhi na watalii waliopotea njia ya Fort Jesus. Mei 6, 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, sawa na Eastleigh kule Nairobi, kwa siku 15, na mahoteli yakafungwa. Siku 15 zikaongezwa. Juni tulipofunguliwa, kodi ilikuwa imelimbikizana na mwenye nyumba alikuwa ameshapata mtu wa kuuza vifaa vya simu. Kaka aliuza benchi na birika kubwa. Tanuri la mofa halibebeki, likavunjwa.

Masufuria mama hakuyauza. Yalikuwa ya mamake, hayakuwahi kuwa ya hoteli. Sasa anapika kwa oda, mahamri na mbaazi, kutoka jiko lile lile, upande wa nyuma wa kichochoro. Watu wanapiga simu kutoka Tudor, hata Bamburi, wanatuma vijana wa bodaboda. Ukilipa kwa M-Pesa inakuja risiti yenye jina lake, majina matatu, herufi zote mahali pake. Mbaazi uagize siku moja kabla.